Umeishtaki kaunti ukashinda: ushuru hukatwa wapi?

Maafisa wanaoshinda kesi dhidi ya serikali nchini Kenya katika Mahakama ya Leba, iwe Kisumu au Nakuru, hutujia na lalamiko lile lile: pesa zilizoingia benki ni pungufu ya zilizotajwa na jaji. Hujaibiwa. Kifungu cha 49 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinaagiza kwamba fidia ya kufutwa kazi isivyo haki, ambayo haizidi mishahara ya miezi 12, ikatwe makato ya kisheria. Dhana kwamba pesa za mahakama hazitozwi ushuru haina msingi, na inafaa iachwe.

La kuuliza ni pesa hizo ni za nini. Malimbikizo ya mshahara ni mshahara. Fidia ya kuumia mwili au kuchafuliwa jina si mapato ya ajira, kwa hivyo haikatwi PAYE, yaani ushuru ambao mwajiri hukata kwenye mshahara. Mwombe wakili ahakikishe amri ya mahakama inataja kila kiasi na sababu yake. Ikiandikwa jumla moja, mhasibu wa kaunti ataikata yote.

Makosa makubwa hutokea kwenye hesabu. Kwa kandarasi isiyo na kikomo na isiyotaja fidia, Sheria ya Ushuru wa Mapato husambaza fidia sawasawa katika miaka 3 baada ya kuachishwa. Fidia ya kandarasi ya muda maalum husambazwa katika muda uliosalia wa kandarasi. Chukua karani aliyekuwa akilipwa Sh60,000 kwa mwezi, aliyepewa fidia ya Sh720,000. Zikipitishwa kwenye mshahara wa mwezi mmoja, PAYE ni takriban Sh213,900 hata baada ya nafuu ya kila mwezi ya Sh2,400 inayopunguzwa kwenye ushuru. Zikisambazwa, ni Sh20,000 kwa mwezi: asilimia 10 ni Sh2,000, nafuu inaimaliza, na asiye na mapato mengine halipi kitu. Mwenye kazi mpya ya Sh50,000 atatozwa asilimia 30 juu ya nyongeza hiyo, yaani jumla Sh216,000 kwa miezi yote 36.

Kuhusu kulipwa kwenyewe, mali ya serikali hainadiwi ili kulipa deni la hukumu. Chini ya kifungu cha 21 cha Sheria ya Kesi za Serikali, kinachohusu kaunti pia, unaomba mahakama cheti cha kiasi unachodai siku 21 baada ya hukumu, kisha unakiwasilisha kwa wanaohusika. Ambatisha kandarasi na hesabu ya usambazaji kabla malipo hayajatayarishwa. Kusahihisha baadaye huchosha.

Mwajiri huwasilisha PAYE kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Akichelewa kulipa, adhabu ni asilimia 5 ya ushuru na riba ya asilimia 1 kwa mwezi. Akichelewa kuwasilisha taarifa ni asilimia 25 au Sh10,000, kubwa kati ya hizo. Adhabu hizo ni zake. Lako ni kudai fomu P9, inayoonyesha mshahara na ushuru uliokatwa mwakani, na kutangaza mapato kwenye iTax, mtandao wa Mamlaka ya Ushuru (KRA), kufikia Juni 30. Ukichelewa, ni Sh2,000 au asilimia 5 ya ushuru, kubwa kati ya hizo.

Ukikatwa kupita kiasi, iombe KRA ikurejeshee ndani ya miaka 5. KRA ikikutumia makadirio ya ushuru usiyokubali, pinga kwa maandishi ndani ya siku 30, ukiambatisha nakala ya hukumu.