Je, wajua wapiga fidla huanzaje pamoja bila kiongozi?

Kwaya ina mwalimu wake, okestra ina mtu mwenye kijiti. Kundi la wapigaji wanne, yaani fidla mbili, viola (kama fidla, ila kubwa kidogo na ya sauti nzito zaidi) na selo (kubwa zaidi, ya sauti nzito kuliko zote), halina mtu huyo. Muziki huu ulianza kama wa kupigwa vyumbani, si kwenye kumbi kubwa, na Joseph Haydn wa Austria aliandika kazi zipatazo 68 za namna hii. Sasa wanne hao wanaanzaje kwa pamoja?

Kwa miaka mingi niliamini kwamba fidla ya kwanza ndiyo inayoamua na wengine wanaifuata. Haiwezekani. Anayengoja asikie ndipo aanze, keshachelewa. Umfuataye kwa sikio utakuwa nyuma yake siku zote, hata kama ni kwa kupepesa jicho, na msikilizaji ataligundua pengo hilo. Tena fidla ya kwanza huenda isiwepo kabisa: katika kazi ya mtunzi Beethoven iitwayo Opus 59 nambari 1, ya mwaka 1806, selo ndiyo inayofungua wimbo, fidla ya kwanza imenyamaza.

Siri iko kabla ya sauti. Watazame wanawake wawili wanaotwanga kinu kimoja. Hakuna anayehesabu. Jinsi mchi unavyopanda ndivyo mwenzake anavyojua utashuka lini, na kwa uzito gani. Upinde wa fidla huinuliwa vivyo hivyo, na pumzi huvutwa puani papo hapo. Pumzi fupi na kali: mwanzo wa kasi, wenye nguvu. Pumzi ndefu: mwanzo wa taratibu, laini. Ukikaa safu ya mbele utaisikia waziwazi, na ni sehemu ya muziki inayonisisimua kuliko zote.

Wakishaanza, kila mmoja hujirekebisha kidogo kidogo. Wakijirekebisha mno watafanya kama watu wawili wanaopishana mlangoni, kila mmoja akimpisha mwenzake upande uleule.

Utafiti uliochapishwa 2014 ulipima jambo hili kwa kipande cha Haydn. Makundi yalikuwa mawili tu, kwa hiyo tusiyafanye kanuni. Katika moja, mpiga fidla ya kwanza alijirekebisha kuwafuata wenzake kidogo kuliko wao walivyomfuata. Katika la pili alijirekebisha sawa na wao.