Kifuko cha neva hakitupwi

Dhana: Kila ujumbe unaopita kwenye sinapsi, yaani pale neva inapokutana na seli nyingine, hutumia vifuko vipya vya kemikali vilivyoletwa kutoka kwenye mwili wa seli.

Ukweli: Umbali tu unakataa. Neva inayoamrisha misuli ya unyayo huanzia kwenye uti wa mgongo, karibu mita moja kwa mtu mzima, na mzigo wa kasi kabisa ndani yake husafiri kama milimita 400 kwa siku. Ncha ya neva ingemaliza akiba zamani ikisubiri. Kwa hiyo kazi hufanyika palepale: kifuko chenye upana wa nanomita 40 hivi huungana na utando wa seli, humwaga kemikali yake, kisha utando huvutwa ndani, hufinyangwa kuwa kifuko na kujazwa tena. Protini zikichakaa, hizo ndizo huagizwa kutoka mbali.

Dhana: Protini iitwayo klathrini ndiyo inayokata kifuko kutoka kwenye utando.

Ukweli: Klathrini husuka tu. Kila molekuli yake ina miguu mitatu, na miguu hiyo ikishikana hutokea tenga linalouzunguka utando unaobonyea. Mkataji ni dainamini, protini nyingine inayojiviringisha kwenye shingo ya kifuko na kuibana, kwa nishati ya molekuli iitwayo GTP, mpaka ikatike.

Ushahidi ninaoupenda zaidi unatoka kwa nzi wa matunda wenye hitilafu kwenye jeni ya dainamini, iitwayo shibire. Joto likifika karibu nyuzi 30 za Selsiasi, wanapooza. Wapoze, wanainuka na kutembea kana kwamba hakikutokea kitu! Ncha za neva za nzi waliopooza, zikitazamwa kwa hadubini ya elektroni, zina vifuko vichache mno, huku utando ukijaa vibonyeo vyenye shingo zisizokatika.

Dhana: Kifuko kikishakatika, kazi imekwisha.

Ukweli: Bado kimevaa tenga. Protini iitwayo sinaptojanini hubadilisha mafuta ya utando ili tenga lilegee, kisha nyingine, auksilini, huiita ya tatu, Hsc70, ije kulibomoa. Si usafi wa kupuuzwa: hitilafu za kurithi kwenye jeni ya sinaptojanini 1 au ya auksilini husababisha aina adimu za ugonjwa wa Parkinson zinazoanza mapema maishani.

Dhana: Kurudishwa huku kwa vifuko ni kitu kilekile kinachozuiwa na dawa za sonona.

Ukweli: Hapana. Nyingi ya dawa hizo huzuia kurudishwa ndani ya neva kwa kemikali zilizomwagwa, kama serotonini. Hapa tunazungumzia chombo, si kilichomo.

Dhana: Njia ya kurudisha vifuko ni moja, na ilishajulikana.

Ukweli: Mabishano yana umri wa nusu karne. Mwaka 1973 watafiti Heuser na Reese walieleza njia ya klathrini kwenye neva za chura. Mwaka huohuo Ceccarelli na wenzake, wakichunguza chura vilevile, walisema kifuko hufungua kitundu, humwaga, hujifunga na kuondoka. Mwaka 2013 Watanabe na wenzake wakaonyesha kwamba utando unaweza kurudishwa ndani ya milisekunde 50 hadi 100, bila kungoja klathrini isuke tenga lake.