Je, wajua kwa nini mto Ardèche unapita ndani ya mwamba?

Vallon-Pont-d'Arc ni mji mdogo wa kusini mwa Ufaransa, wenye wakazi wapatao 2,400, ambao kila kiangazi hufurika watu waliobeba makafi mabegani. Kilomita tano hivi kutoka mjini, mto Ardèche unafika kwenye ukuta wa mawe na, badala ya kuuzunguka, unapita chini yake. Tao hilo linaitwa Pont d'Arc. Kimo chake ni mita 54 hivi, upana wake mita 60 hivi, na hakuna fundi aliyelijenga. Wageni wengi hushuka ufukweni, wakaogelea, wakapiga picha, wakaondoka. Wanaogeuka nyuma kutazama mashamba ya mizabibu ng'ambo ya barabara ni wachache, na jibu la swali letu liko huko huko kwenye mizabibu.

Mashamba hayo yamelala kwenye bonde lililopinda kama kwato ya farasi, sakafu yake tambarare, pembeni magenge marefu. Bonde lina kila dalili ya kuchongwa na mto, ila mto wenyewe haumo. Zamani ulikuwamo. Ardèche ulikuwa unazunguka hapo, unatengeneza kizingo kirefu, kisha unarudi karibu kabisa na ulipoanzia. Kati ya mwanzo na mwisho wa kizingo palibaki shingo nyembamba ya mwamba, na shingo hiyo ndiyo iliyotobolewa.

Kilichofanya itoboke badala ya kumomonyoka tu ni aina ya jiwe. Mwamba wa huku ni chokaa, iliyojengeka chini ya bahari zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita. Maji ya mvua yanapopita hewani na kwenye udongo huchukua kaboni dayoksaidi na kuwa asidi dhaifu, dhaifu kiasi kwamba ulimi hauihisi, lakini chokaa inaihisi. Inayeyuka polepole kufuata nyufa, nyufa zinakuwa mifereji, mifereji inakuwa mapango. Aliyeingia Mapango ya Amboni kule Tanga ameshaona kazi ya aina hiyo hiyo. Kwenye shingo ya Ardèche, maji yalianza kupenya kwenye mifereji ya namna hiyo, yakakata njia fupi kutoka upande mmoja wa kizingo hadi wa pili. Njia fupi ina mteremko mkali kuliko njia ndefu, kwa hiyo kila mafuriko yalipokuja maji mengi zaidi yalipita ndani, yakiburuta mchanga na mawe yaliyozidi kupanua tundu na kuangusha dari vipande vipande. Ikafika siku mto wote ukahamia huko na kizingo kikakauka. Wanajiolojia wanakadiria hayo yalitokea zaidi ya miaka 100,000 iliyopita.

Ukitaka kuona hali ilivyokuwa kabla ya tundu, usibaki ufukweni. Panda barabara ya D290, inayokwenda juu ya magenge kutoka Vallon hadi Saint-Martin-d'Ardèche, usimame kwenye sehemu ya kutazamia iitwayo Serre de Tourre. Chini yako mto unazunguka mlima mzima katika kizingo ambacho bado hakijakatwa. Ukitoka hapo ukarudi kwenye mizabibu ya Combe d'Arc, lile bonde lililoachwa na mto, utakuwa umeona picha mbili za jambo moja, ya kabla na ya baada. Barabara ina kona nyingi, na maegesho ni machache. Asubuhi mapema ndiyo afadhali, maana Julai na Agosti kufikia saa tano magari yanapanga foleni.

Magenge ya kizingo hicho kikavu yalikuwa yameficha kitu kingine. Tarehe 18 Desemba 1994, Jean-Marie Chauvet, Éliette Brunel na Christian Hillaire walihisi hewa ikitoka kwenye upenyo, wakaondoa mawe, wakaingia pango ambalo lilikuwa limefungwa na maporomoko ya mawe kwa zaidi ya miaka 20,000. Ukutani walikuta michoro ya simba, vifaru, mamothi (tembo wa kale wenye manyoya), farasi na dubu, na baadhi ya michoro ina umri wa miaka 36,000 hivi. Linganisha tarehe: tao lilikuwa limeshatoboka zamani. Waliochora walikuwa wakitoka pangoni na kuliona kama tunavyoliona sisi.

Pango lenyewe huwezi kuingia, na hapo usitegemee kubembeleza mtu. Wafaransa walijifunza kwa gharama: pango la Lascaux lilifunguliwa kwa watalii mwaka 1948, na kufikia 1963 ikabidi lifungwe, kwa kuwa pumzi na joto la wageni viliotesha mwani na kuharibu kuta. Pango hili, ambalo sasa linaitwa Chauvet, halikufunguliwa kwa watalii hata siku moja. Mwaka 2015 ulifunguliwa mfano wake wenye ukubwa halisi wa sehemu muhimu, kwenye kilima karibu na mji. Tiketi zina saa maalumu, mwongozaji huchukua kikundi kwa muda wa saa moja hivi, na ndani pana ubaridi hata siku ya jua kali, kwa hiyo beba sweta.

Sasa mto. Njia nzuri kuliko zote ya kulifikia tao ni kupita chini yake kwa mtumbwi, na hapa jiolojia inageuka kuwa kanuni za safari. Safari fupi ni kilomita 8, kutoka Vallon hadi Chames, saa mbili hivi, na tao liko ndani yake. Inamtosha mtu asiyewahi kushika kafi. Baada ya Chames mto unaingia kwenye korongo lenyewe, hifadhi ya taifa tangu mwaka 1980, na kwa kilomita 24 hakuna barabara inayoshuka kukupokea. Magenge yanafika hadi mita 300 hivi. Ukichoka njiani, unaendelea tu. Kutoka Chames hesabu saa tano hadi sita za kupiga kafi. Ukianzia Vallon ni kilomita 32, siku nzima. Kosa la kawaida ni kuanza saa tano asubuhi kwa kuwa kifungua kinywa kilikuwa kitamu, kisha kukimbizana na saa ya kufungwa kwa mto, maana usafiri wa jioni na usiku hauruhusiwi.

Masharti ya kukodi: umri usiopungua miaka 7, uwe unajua kuogelea walau mita 25, jaketi okozi limefungwa sawasawa, na viatu vilivyofunika vidole na kukaza mguuni. Kandambili zinachukuliwa na maji kwenye dakika kumi za kwanza, na chokaa iliyomomonyoka ina kingo zinazokata. Mkodishaji hukupa pipa la plastiki lenye mfuniko wa kusokota. Hakikisha mpira wa mfuniko hauna mchanga, kwani chembe chache tu zinaingiza maji, kisha ulifunge kwa kamba kwenye mtumbwi. Beba lita moja na nusu hadi mbili za maji ya kunywa kwa kila mtu. Ndani ya korongo hakuna duka.

Aliye mzito akae nyuma, ndiye anayeongoza. Wa mbele anatoa nguvu na kutazama mawe. Kwenye maji ya kasi tafuta ulimi wa maji laini wenye umbo la V: ncha ikielekea mbele, kule mto unakokwenda, hapo pana kina, pita. Ncha ikikuelekea wewe, chini yake kuna jiwe. Ingia ukiwa umenyooka na uendelee kupiga kafi, maana mtumbwi usio na mwendo wake hauna usukani, unakuwa mzigo wa maji. Kabla ya kulifikia tao kuna maji ya kasi yaitwayo Charlemagne, na baada ya Chames yapo ya Dent Noire, ambako mkondo unakupeleka moja kwa moja kwenye mwamba uliosimama. Ukigonga jiwe kwa ubavu, egemea jiwe. Mwili unataka kukimbilia upande wa pili, na hapo ndipo maji yanapopata ukingo wa mtumbwi na kuupindua. Ukishapinduka, lala chali, miguu mbele, na mtumbwi uwe mbele yako, usikubane kati yake na mwamba. Usijaribu kusimama kabla ya kufika kwenye maji tulivu, kwa sababu mguu ukinasa kati ya mawe mkondo unakulaza kifudifudi.

Wanaotaka siku mbili wanalala Gaud au Gournier, sehemu mbili pekee zinazoruhusiwa korongoni, zenye maji ya bomba na vyoo. Nafasi huwekwa mapema. Ipo pia njia ya miguu, lakini mahali pengine inabidi uvuke mto kwa kutembea majini, jambo linalowezekana mto ukiwa chini tu.

Kina cha mto ndicho kinachoamua kila kitu. Kiangazi Ardèche ungekuwa mwembamba kuliko unavyouona. Tangu miaka ya 1950 kituo cha umeme cha Montpezat hupokea maji yaliyochepushwa kutoka sehemu ya juu ya mto Loire, na sehemu yake huachiwa kusaidia mto wakati wa ukame. Kwa hiyo mtumbwi wako wa Agosti unaelea kwa kiasi fulani juu ya maji yaliyokuwa yakielekea Atlantiki, ambayo sasa yataishia Mediterania. Septemba inavyosonga mbele mambo yanageuka: hewa yenye unyevu kutoka baharini inapanda milima ya Cévennes, mvua inamwagika kwa saa chache, na mto unapanda mita kadhaa ghafla. Mafuriko ya Septemba 1890 bado yanatajwa huku. Kipimo cha maji husomwa kwenye daraja la Salavas karibu na mji, na kikivuka kiwango kilichowekwa ukodishaji unasimama. Jua likiwaka Vallon si kigezo. Uliza mvua ya jana milimani.

Mei, Juni na mwanzo wa Septemba ni miezi mizuri. Reli ya abiria haifiki Vallon. Watu hushuka Montélimar, kilomita 50 hivi, wakaendelea kwa basi au gari. Mvua ikikufungia mjini, ofisi ya meya ina mazulia ya ukutani ya karne ya 17 kutoka mji wa Aubusson, na mtu hupita mlangoni bila kujua. Safari ya korongo huishia Sauze, ufukwe wa Saint-Martin-d'Ardèche, ambako basi la mkodishaji huja kuchukua watu na mitumbwi. Uliza saa ya basi la mwisho kabla hujaingia majini, kwani kurudi Vallon kwa miguu ni zaidi ya kilomita 30 za kona na milima.