Simu yangu mpya: betri ya siku mbili, memori ya pantoni

Simu hii ninayo wiki ya nne sasa. Niliinunua Kariakoo kwa 330,000 baada ya ile ya zamani kuingia maji. Jina la kampuni naliacha makusudi, maana mengi nitakayosema si yake peke yake: kabati lilelile la duka lilikuwa na simu za kampuni nyingine zenye prosesa (ubongo wa simu) ileile, MediaTek Helio G85, zimetofautiana mgongo na jina tu. Mimi ni fundi simu, kwa hiyo siku ya tatu nilikuwa nimeshaifungua. Waranti nimeiua kwa mkono wangu, msiniige.

Boksi kwanza. Nje wameandika RAM (memori ya kuendeshea programu ulizofungua) 8GB kwa herufi za kuonekana ng'ambo ya barabara. Chini yake, kwa herufi za punje ya mtama, kuna 4GB + 4GB. Zile nne za pili si RAM. Ni kipande cha memori ya kuhifadhia picha na nyimbo, ambacho simu hukiazima pale RAM yenyewe inapojaa. Mkopo huo una riba kubwa, kwa sababu memori yenyewe ni aina ya eMMC, na hapo ndipo penye udhaifu mkubwa wa simu hii.

Wanaovuka kwenda Kigamboni watanielewa haraka. eMMC ni kama pantoni moja: ikiwa inakwenda, haiwezi kuwa inarudi. Inasoma au inaandika, si vyote kwa pamoja. Simu za bei ya juu kidogo zina UFS, ambayo ni kama lile Daraja la Nyerere, magari yanakwenda na kurudi kwa wakati mmoja. Ndiyo maana simu yangu ikiwa inasasisha programu chinichini, halafu nikagusa WhatsApp, inaduwaa sekunde mbili tatu kabla ya kufunguka. Wateja huniambia "fundi, simu ina virusi, iflashi". Haina virusi, pantoni liko upande wa pili! Nikaingia kwenye setingi nikaizima ile RAM ya kuazima, na kwa matumizi yangu ikawa nyepesi zaidi. Programu zikirundikana inafunga za nyuma, basi, naona afadhali hivyo.

Betri ndiyo imenifanya nisijute. Ni ya 5,000 mAh, na nikipiga simu, WhatsApp na redio kidogo, naichaji kila baada ya siku mbili. Lakini sifa hiyo imelipiwa na kioo. Kioo ni cha inchi 6.7 chenye nukta 720 kwa 1600, yaani kama nukta 262 kwa kila inchi. Maandishi madogo yana ukungu kwenye kingo ukiyakazia macho. Nukta chache maana yake prosesa inachora kidogo, na ikichora kidogo inakula chaji kidogo. Anayelalamikia kioo hiki huku akisifia betri analalamika na kusifu kitu kimoja. Juani lakini, pale Msimbazi saa saba mchana, hata mimi nililazimika kuingia kivulini kusoma meseji ya muamala.

Kamera zinaonekana tatu. Nikaziba jicho la pili kwa kidole nikapiga picha: imetoka vilevile. Nikaziba la tatu: vilevile, hata ile picha ya kufifisha nyuma. Jicho linalofanya kazi ni moja, la megapikseli 50, nalo kwa kawaida huunganisha nukta nne kuwa moja, picha ikatoka na megapikseli kama 12. Mchana picha ni safi. Usiku sura za watu zinakuwa kama zimepakwa mafuta.

Ndani, sasa, nimeipenda. Mfuniko wa nyuma umeshikwa kwa klipu, haukugundishwa, kwa hiyo kadi ya plastiki inatosha kuufungua. Sistimu chaji iko kwenye bodi yake ndogo chini, na ikifa unabadilisha kile kibodi tu bila kugusa bodi kubwa. Wanaolala na simu kwenye chaji huku wanachati wajue hiyo ni sehemu ya kwanza kulegea. Tundu la earphone lipo. Kadi memori nayo ina tundu lake, huhitaji kutoa laini moja.

Kitu kilichonishangaza sikukiona kwenye boksi wala kwenye tangazo: haina dira. Ukifungua Google Maps umesimama, kile kimwanga cha bluu cha kuonyesha umeelekea wapi hakitokei. Hadi usogee hatua kadhaa ndipo ramani inabahatisha. Kwangu si tatizo, nakwenda kazini na kurudi. Ila juzi kijana wa bodaboda anayeegesha mbele ya kibanda aliishika, akaipenda betri, akauliza nilipoinunua. Nikamwambia afungue ramani palepale alipo, aniambie simu inasema ameelekea Jangwani au Mnazi Mmoja. Akaizungusha, akajizungusha na yeye, akanirudishia.

"Kaka, hii abaki nayo anayejua njia."