Mstari wa Flick: nani hasa anayefunga mtego wa kuotea wa Barcelona?

Tarehe 26 Oktoba 2024, pale kwenye uwanja wao wa Santiago Bernabéu, Real Madrid waliotea mara 12, yaani mara 12 mchezaji wao alikuwa amewapita mabeki kabla ya pasi kupigwa. Mara 8 kati ya hizo aliyeotea alikuwa Kylian Mbappé. Barcelona wakashinda 4-0, na tangu usiku ule ukimtaja Hansi Flick, kocha wa Barcelona, watu wanakujibu kwa kutaja mabeki wake wawili wa kati: Pau Cubarsí, wakati huo kijana wa miaka 17, na Iñigo Martínez, wamesimama karibu na mstari wa katikati huku nyuma yao uwanja ni mtupu.

Mimi kazi yangu ni uchambuzi wa video, na kabla ya hapo nilifundisha mabeki wa timu za vijana. Mechi ile nimeirudia mara nyingi sana. Kila nikiirudia nazidi kushawishika kwamba tunatazama mahali pasipo penyewe. Mtego ule, wa mabeki kupanda mbele ili mshambuliaji abaki nyuma yao pasi inapopigwa, haufungwi na mabeki. Anayeufunga ni mchezaji aliye karibu kabisa na mwenye mpira, na mara nyingi huyo ni winga au mshambuliaji wa kati.

Nianze na alichokikuta. Flick aliteuliwa Mei 2024 kuchukua nafasi ya Xavi, ambaye msimu wake wa mwisho ulimalizika kwa nafasi ya pili La Liga, ligi kuu ya Hispania, mabao 79 ya kufunga na 44 ya kufungwa. Kikosi hakikubadilika sana. Usajili mkubwa ulikuwa Dani Olmo. Kilichobadilika ni mpangilio na mwendo. Ile 4-3-3 (mabeki wanne, viungo watatu, washambuliaji watatu) ikawa 4-2-3-1, Pedri akashushwa chini kidogo acheze sambamba na Marc Casadó au Frenkie de Jong, Raphinha akapangwa kushoto lakini akapewa ruhusa ya kuingia ndani na kukimbilia nyuma ya mabeki wa wapinzani. Mpira ukaanza kwenda mbele haraka zaidi. Kuhusu hilo mengi yameshaandikwa, sitakaa hapo.

Nataka tukae kwenye mstari wa nyuma.

Ukitaka kuuelewa, acha kuwatazama mabeki. Simamisha picha sekunde moja kabla ya pasi kutoka, kisha mtazame mwenye mpira. Kichwa chake kiko wapi? Kama ameinama anautazama mpira mguuni kwa sababu kuna mtu anamjia, hawezi kuona mbio za mwenzake mbele. Kama ameupa mgongo upande anaoshambulia, ndiyo kabisa. Mimi huuita mpira wa namna hiyo mpira uliobanwa. Hapo ndipo mabeki wa Flick wanapopanda, wote wanne kwa pamoja, hatua mbili tatu mbele. Lakini mwenye mpira akiwa ameinua kichwa, kifua kimeelekea mbele, na hakuna anayemsogelea, huo ni mpira ulio huru. Beki anayepanda wakati mpira uko huru anajitafutia balaa, hata awe na mbio za namna gani.

Sasa tuangalie kwa nini Mbappé, mmoja wa washambuliaji wenye kasi kubwa kuliko wote duniani, alinaswa mara 8 katika mechi moja. Mshambuliaji anayekimbilia nyuma ya mabeki anakimbia kwa saa ya mpiga pasi. Anakadiria mguu wa mwenzake utaugusa mpira lini, naye anaondoka kwa makadirio hayo. Chukua mtu anayekimbia mita 8 kwa sekunde. Pasi ikichelewa nusu sekunde tu, kwa sababu mpigaji amelazimika kuusogeza mpira upande mwingine kumkwepa mtu, tayari mkimbiaji amekula mita 4. Na katika nusu sekunde hiyohiyo mabeki wamepiga hatua kwenda mbele, kinyume na yeye. Pengo linafunguka kutoka pande zote mbili. Kwa hiyo kasi yake, ambayo siku zote ni silaha, siku ile ilimwongezea tatizo: mwenye kasi ndogo angekuwa ameotea kwa mita 2, yeye anaotea kwa 4. Na ile nusu sekunde hawakuileta Cubarsí wala Martínez. Ililetwa na washambuliaji: Raphinha, na Lamine Yamal, na Lewandowski, waliokuwa wakimfuata mpiga pasi.

Ndiyo maana ninapomsikia mtu akisema Flick ana bahati ya kuwa na mabeki wenye akili, nakubali nusu tu. Cubarsí ana akili ya ajabu kwa umri wake, na Martínez ndiye aliyekuwa anauamuru mstari usogee mbele au usimame. Lakini wapange haohao nyuma ya washambuliaji wavivu uone kitakachotokea.

Hili nililijua kwa uchungu. Nilipokuwa nafundisha vijana niliwahi kuwafunga mabeki wangu wanne kamba kiunoni, zoezi la kale ambalo makocha wengi wanalijua, ili wajifunze kwenda pamoja. Wiki tatu. Walikuwa wanapanda na kushuka kama mtu mmoja, nikafurahi. Mechi ya kwanza tukafungwa mabao matatu, yote kwa mpira mrefu uliopita juu ya vichwa vyao. Mstari ulikuwa umenyooka vizuri kabisa mara zote tatu. Nilichosahau ni kwamba kamba iliwafundisha kwenda pamoja, haikuwafundisha kwenda lini. Na wale watatu wa mbele sikuwa nimewapa zoezi lolote. Walikuwa wanasimama wanatazama wapinzani wakipima pasi.

Kuna jambo jingine ambalo bila hilo ujasiri wa Flick ungekuwa kamari. Msimu ule wa 2024/25 La Liga ilianza kutumia teknolojia ya nusu otomatiki ya kupima kuotea. Zamani beki aliyepanda mstari alikuwa anainua mkono kumwomba mshika kibendera, na mshika kibendera akiwa na shaka, shaka ile ilikwenda kwa mshambuliaji. Leo kidole cha mguu kinapimwa. Mbappé alishautia mpira wavuni usiku ule wa Bernabéu wakati mechi bado ni 0-0, na bao likafutwa. Kocha anayejua kwamba sentimita zitahesabiwa kwa haki anaweza kumwambia beki wake asimame pale ambapo miaka 15 iliyopita angeonekana mwendawazimu.

Na hesabu ya msimu inamtetea. Mstari ambao wengi waliutabiria maafa uliruhusu mabao 39 kwenye ligi, pungufu ya yale 44 ya mwaka uliotangulia, huku timu ikifunga 102. Ubingwa wa Hispania, Kombe la Mfalme, Super Cup ya Hispania. Real Madrid walikutana nao mara nne na kufungwa zote nne: 4-0, 5-2, 3-2 na 4-3.

Bei yake ipo, na sipendi wanaoificha. Mtego ukipasuka, anayebaki na kazi ni mtu mmoja, na mtu mmoja aliyechelewa hucheza faulo. Januari 2025 mjini Jeddah, fainali ya Super Cup, kipa Wojciech Szczęsny alitoka kumkabili Mbappé, akamwangusha, kadi nyekundu. Machi, Lisbon, dhidi ya Benfica, Cubarsí alitolewa dakika ya 22 kwa kumwangusha mshambuliaji aliyekuwa anaelekea golini. Mechi zote mbili Barcelona walishinda, kwa hiyo zikasahaulika upesi. Mimi nimeziweka kwenye faili.

Waliousoma mtego ule vizuri kuliko wote ni Inter ya Italia, nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa. Mechi ya kwanza iliisha 3-3, ya pili 4-3 baada ya muda wa ziada, jumla 7-6 kwa Inter. Watu wanaikumbuka kama mechi ya wazimu. Mimi naiona kama somo lililopangwa.

Angalia Denzel Dumfries wa Inter. Bao lake la kwanza kule mjini Barcelona lilitokana na kona, la pili pia kona. Sheria ya 11 ya soka, ile ya kuotea, inasema hakuna kuotea kwa mpira unaopokelewa moja kwa moja kutoka kona, mpira wa kurusha, au goli kiki. Yaani Inter walikwenda kushindana mahali ambapo mtego haufanyi kazi, na mahali ambapo Barcelona ni wafupi. Kisha mechi ya marudiano, dakika ya 21: Federico Dimarco anapokonya mpira, anampasia Dumfries, Dumfries badala ya kupiga anampa Lautaro Martínez, bao. Dumfries si mshambuliaji aliyesimama begani kwa beki akisubiri. Ni beki wa pembeni anayetokea nyuma, mpira unapopigwa bado hajafika kwenye mstari, na anaupita akiwa kwenye kasi kamili. Pasi ya pili inakwenda kando, kwa mtu aliye nyuma ya mpira, na aliye nyuma ya mpira hawezi kuotea. Tena mpira wenyewe umepokonywa sasa hivi: Barcelona wamefunguka, hakuna aliye karibu wa kumbana mpokonyaji. Mpira ulio huru, kila mara ni mpira ulio huru.

Hata hivyo usidhani mtego ulikufa siku zile. Henrikh Mkhitaryan wa Inter alifunga kwenye mechi ya kwanza na bao likakataliwa kwa kuotea kwa ncha ya kiatu. Ncha ile ingekuwa nyuma kidogo, tusingekuwa na muda wa ziada kabisa.

Msimu wa pili niliusubiri kwa swali moja: je, wale wa mbele wataendelea kukimbia? Iñigo Martínez aliondoka Agosti 2025 kwenda Al Nassr, na kila mchambuzi akasema sasa mstari utayumba kwa sababu kiongozi wake hayupo. Sikatai, pengo lake linaonekana. Lakini tazama tarehe 26 Oktoba 2025, mwaka mmoja kamili, Bernabéu ileile. Raphinha ni majeruhi, Lewandowski ni majeruhi. Hao ndio wawili waliokuwa wa kwanza kumvamia mpiga pasi mwaka uliopita. Mbappé anafunga mapema na bao linakataliwa, ameotea, na kwa muda mfupi unadhani ni mwaka jana. Kisha dakika ya 22 mpira unafika kwa Jude Bellingham, kiungo wa Real Madrid. Nimeisimamisha picha hiyo mara nyingi. Mabeki wanne wamenyooka vizuri, hakuna wa kumlaumu. Bellingham ameelekea mbele. Kichwa kiko juu. Na Mbappé, safari hii, anasubiri.