Je, wajua kwa nini filamu nyingi za kutisha kuhusu mateka huishiwa pumzi katikati?

Mtu anazinduka katika chumba asichokijua, mikono imefungwa, mlango umetiwa kufuli kwa nje, na juu ya dari zinasikika nyayo. Mwanzo wa namna hii ni vigumu kuuharibu, na kwa dakika 10 au 15 hata filamu dhaifu humkalisha mtazamaji kitini. Kisha hutokea lile ambalo wapenzi wa filamu za kutisha wamelizoea: mateka analia, mtekaji anaingia, anatisha na kutoka, mateka analia tena, na hofu iliyokuwa kifuani inageuka kuwa hamu ya kutazama saa. Kwa nini wazo lenye nguvu kiasi hicho hulegea mara nyingi hivyo, hasa mikononi mwa watayarishaji huru wenye fedha chache?

Jibu linaanzia kwenye daftari la mahesabu. Filamu huru, yaani ile inayotengenezwa nje ya kampuni kubwa za sinema, hugharimu zaidi kila inapoongezewa mahali pa kurekodia, siku za kazi au waigizaji, kwa sababu kila uhamisho humaanisha kupakia vifaa, kutafuta vibali, kupanga taa upya na kuwalisha watu wakati hakuna kinachorekodiwa. Kisa cha utekaji hufuta karibu gharama hizo zote kwa mkupuo mmoja: chumba kimoja, waigizaji wawili au watatu, na mavazi yale yale ambayo kazi yake ni kuchafuka tu. Filamu ya Saw, iliyoongozwa na James Wan na kutolewa mwaka 2004, ilirekodiwa kwa siku 18 kwa bajeti ya takriban dola milioni 1.2, kisha ikaingiza zaidi ya dola milioni 100 duniani. Matokeo kama hayo hayakosi waigaji, na wengi wao walikiona chumba na minyororo bila kuuona mswada.

Lakini unafuu huo una deni lake, na anayelilipa ni mwandishi. Msuko huendeshwa na mhusika anayetaka jambo, anayelijaribu, anayekosea na kuchagua upya, ilhali mateka amenyang'anywa karibu machaguo yote. Kufungiwa ni hali. Bado si kisa. Hali hiyo inatosha kujaza filamu fupi, lakini soko la filamu ndefu hutaka dakika 80 au 90, kwa hiyo kilichotosha robo saa huvutwa kama mpira. Hapo ndipo vinapoletwa viraka tunavyovijua: jaribio la kutoroka linaloshindwa mara tatu kwa namna ile ile, mbinu rejeshi za siku za furaha, na mtekaji anayesimama kusimulia utoto wake mchungu kana kwamba yuko mbele ya baraza. Hotuba hiyo ya mtekaji ndiyo inayonivunja moyo mimi kuliko yote, kwa kuwa mtu anayejieleza kwa ufasaha huacha kutisha.

Kosa kubwa zaidi limo katika taharuki yenyewe. Alfred Hitchcock, mwongozaji mashuhuri wa filamu za taharuki, katika mahojiano yake na mwongozaji mwenzake wa Ufaransa, François Truffaut, yaliyofanyika mwaka 1962, alitoa mfano wa bomu lililofichwa chini ya meza: watazamaji wasiojua kwamba lipo watapata mshtuko wa sekunde 15 linapolipuka, lakini wakijua lipo na wakaiona saa ukutani, mazungumzo ya kawaida kabisa yatawapa dakika 15 za taharuki. Filamu dhaifu ya mateka hufanya kinyume chake. Huficha mtekaji ni nani, anataka nini, hurudi saa ngapi na ufunguo uko wapi, vyote kwa ajili ya siri itakayofichuliwa mwishoni, na mtazamaji hubaki hana cha kuhesabu wala cha kuogopa mapema. Mateso yanayoongezwa ili kuziba pengo hilo hayasaidii sana, kwani jicho huzoea damu upesi kuliko linavyozoea kungoja.

Kwamba chumba kimoja si laana, mifano ipo. Katika Cube ya mwaka 1997, Vincenzo Natali wa Kanada alitumia chumba kimoja tu kilichojengwa kikamilifu, akibadilisha rangi za paneli zake, na mtazamaji akaamini kwamba yuko ndani ya jengo lenye maelfu ya vyumba. Katika Buried ya mwaka 2010, Rodrigo Cortés alimweka mtu mmoja ndani ya jeneza tangu mwanzo hadi mwisho, kwa siku 17 za kurekodi jijini Barcelona. Filamu hiyo haichoshi kwa sababu kila kilichomo mle ndani kinapungua: hewa, chaji ya simu, matumaini ya kusikilizwa. Zaidi ya hayo, yalitengenezwa majeneza saba, ili kamera ipate njia ya kusogea.

Jambo hilo la kamera hudharauliwa mno. Anayerekodi katika ghala halisi la chini ya nyumba hawezi kuondoa ukuta ili arudi nyuma, hivyo filamu nzima huonekana kutoka pembe mbili zile zile. Kuta tupu za saruji hurudisha mwangwi na kuyameza maneno, na mtazamaji husamehe picha yenye chengachenga kuliko sauti isiyosikika. Giza nalo, ambalo chipukizi hudhani ni la bure, huhitaji taa zilizopangwa kwa ustadi ili lionekane giza. Bila hizo, skrini huwa doa la kijivu.

Hatimaye muda unapokwisha, mateka hutoka kwa kuvunja kijidirisha kidogo kilichokuwa juu ya kitanda, na mtazamaji aliyekiona tangu dakika ya 20 huzima skrini akijiuliza mtu huyo alikuwa akingoja nini.