Biringanya la Kuchoma la Kupakia Mkate: Namna ya Kuliandaa Nyumbani kwa Mafuta na Chumvi Kidogo

Biringanya la zambarau, linalouzwa katika masoko ya Kampala kama Nakasero na Kalerwe, ni mboga nyepesi sana: zaidi ya sehemu tisa katika kila kumi za uzito wake ni maji, na gramu 100 za biringanya bichi zina kalori zipatazo 25 tu pamoja na gramu 3 hivi za nyuzinyuzi. Faida hiyo hupotea kwenye kikaango. Ndani yake biringanya lina vitundu vingi vya hewa kama sifongo, hivyo vipande vibichi vikitiwa katika mafuta ya moto huyafyonza, na mpishi anayeona kikaango kimekauka huongeza mengine. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta kina kalori zipatazo 120. Biringanya moja la gramu 300 hivi likifyonza vijiko vitatu, kalori za mafuta huwa zimezidi za mboga yenyewe karibu mara tano. Kwa sababu hiyo tunashauri lichomwe zima, bila tone la mafuta.

Chagua mabiringanya mawili makubwa yenye ngozi inayong'aa, mazito yakishikwa mkononi, kwa kuwa yaliyokomaa kupita kiasi huwa na mbegu nyingi na uchungu. Entula, yaani nyanya chungu, ingawa ni za ukoo mmoja na biringanya, ni ndogo na chungu mno kwa pishi hili. Yatoboe kwa uma mahali kadhaa ili mvuke upate njia na yasipasuke, kisha yaweke juu ya sigiri yenye makaa yaliyokwisha kushika vizuri, ukiyageuza kwa dakika 20 hadi 30 mpaka ngozi iungue na yalegee kabisa, hata karibu na kikonyo. Kazi hiyo ifanyike nje: makaa yanayowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo huua. Yakipoa, menya ngozi yote nyeusi na uitupe, kisha acha nyama yake ichuje maji katika chujio kwa robo saa. Usiioshe, maana ladha ya moshi itakwenda na maji.

Nchini Lebanon na Syria, biringanya la namna hii hupondwa pamoja na tahini, yaani ufuta uliosagwa ukawa rojo. Sisi hatuhitaji kutafuta kopo la kutoka ng'ambo, kwa sababu ufuta huo, ambao Uganda tunauita simsim, hulimwa kwa wingi kaskazini, katika maeneo ya Acholi na Lango, ambako akina mama wanajua kuusaga tangu zamani. Ponda biringanya kwa uma, ongeza vijiko vikubwa viwili vya rojo la simsim, maji ya limau moja, punje moja ya kitunguu saumu iliyotwangwa, na robo ya kijiko cha chai cha chumvi. Simsim ina mafuta mengi, hata kama ni mafuta mazuri, kwa hiyo ipimwe kwa kijiko. Rojo lililochanganywa na karanga pia linafaa, ila lisiwe limetokana na karanga zenye ukungu au zilizosinyaa, kwa maana aflatoksini, sumu ya ukungu inayosababisha saratani ya ini, haimaliziki kwa kukaangwa wala kuchemshwa.

Kuhusu chumvi, Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale chini ya gramu 5 kwa siku, kiasi kisichofika kijiko kimoja cha chai kilichojaa. Onja rojo la simsim kwanza, kwani jingine huuzwa likiwa tayari limetiwa chumvi. Ieleweke pia kwamba biringanya si dawa ya kisukari wala ya kupunguza unene, na mgonjwa asiache tembe zake kwa ajili yake.

Chakula hiki huliwa kwa mkate, chapati, mihogo au viazi vitamu vya kuchemsha. Kisikae nje zaidi ya saa mbili; kikifunikwa ndani ya friji hudumu siku tatu, na nyumba isiyo na friji iandae kinachotosha mlo mmoja tu.